Siku Tatu za Kumtembeza Mgeni wa Bukavu

Nilikaa Gisenyi miaka minne kabla ya kujua kwamba mume wangu anaupenda mji ule. Nilidhani anapenda cherehani yake tu. Alishona kwenye baraza la duka moja katika mtaa wetu wa Waislamu, tangu asubuhi mpaka jua linapozama upande wa pili wa ziwa, na akirudi nyumbani alikula, akaswali, akalala. Mimi nilitoka Nyakiriba, kwenye mashamba ya viazi. Nilisilimu ili anioe, nikajifunza Kiswahili kwa mama mkwe wangu neno kwa neno, na mji niliujua kwa njia mbili: njia ya sokoni na njia ya kuchota maji. Jumapili moja niliwahi kumwomba anipeleke ziwani. Alinijibu bila kuinua kichwa, "Ziwa iko pale pale. Itakimbilia wapi?" Sikuomba tena.

Kiangazi kimoja, miaka michache kabla ya uhuru, ikaja barua kutoka Bukavu. Binti wa shangazi wa mume wangu anakuja kututembelea. Mtaa mzima ulijua habari zao. Walipokuwa watoto, wazee walikuwa wameahidiana kuwaoza, kisha shangazi akahamia Bukavu na binti akaolewa huko na karani wa Kizungu-Kizungu, mwenye miwani na kalamu mfukoni. Sasa karani alikuwa amemwacha. Na mimi nilikuwa na miaka minne ya ndoa bila mtoto. Barua ile sikuhitaji kusomewa mara mbili.

Mama mkwe alitoa mkeka wake mzuri, ule wa Idi, akaukung'uta vumbi uani. "Mwanangu," akaniambia, "mugeni anakuja. Umupokee muzuri."

"Ndiyo, mama," nikasema, na roho ikaanza kuniuma tangu saa ile.

Alishuka kwenye meli akiwa amevaa gauni la manjano na viatu vya kisigino. Alikuwa mrembo, nasema kweli, ingawa hata leo sisemi kwa furaha. Alimshika mume wangu mikono miwili, akamwita "kaka", akacheka kabla mtu yeyote hajasema la kuchekesha.

"Umechoka?" mume wangu akamuuliza.

"Nichoke na nini? Bon, mi nataka kuona mji. Lakini kaka, usinipeleke mahali pa kulipa. Mi sina kitu, na we pia nakujua."

Mume wangu akacheka. "Gisenyi, vitu vyote vizuri ni vya bure," akasema.

Sikuwahi kumsikia akisema maneno kama yale. Nilisimama pale gatini na kikapu cha mgeni kichwani, nikamwangalia mume wangu kama ninavyomwangalia mtu nisiyemjua.

Alifunga cherehani siku tatu. Kwa arusi yetu aliifunga siku moja. Mama mkwe akaniamuru nifuatane nao ili watu wasipate la kusema, basi nilifuatana nao, hatua tano nyuma, nikibeba chakula.

Siku ya kwanza aliipitisha kwenye barabara ya ziwani. Alimwonyesha miti ambayo Wazungu waliipanda kwa mstari, na nyumba zao zenye maua mpaka kwenye ngazi. Alijua ni kipande gani cha mchanga ambacho sisi tukikaa hatufukuzwi, na ni kipande gani ambacho tukikaa tutafukuzwa. Alijua kwamba Jumapili alasiri, kwenye hoteli, gramafoni inapigwa barazani, na mtu akisimama nyuma ya ua la miti atasikia kila kitu bure. Alijua mlinzi gani atamwacha asimame, kwa kuwa alimtilia kiraka kwenye koti lake. Kote huko tulisimama, na yote haya alimwambia yeye. Mimi niliyasikia kwa mgongo wake.

Tukarudi gatini. Hapo akamsimulia jinsi alivyokuwa mtoto akibeba magunia ya kahawa kupeleka kwenye meli, akateleza, akaanguka majini pamoja na gunia, na wavuvi wakamvuta kwa ndoana kama samaki. Akakunja mkono wa shati. "Angalia, ndoana iliingia hapa."

Mgeni akagusa lile kovu kwa kidole, akacheka mpaka akatokwa machozi.

Kovu lile nililiona kila siku kwa miaka minne. Niliwahi kumuuliza. Aliniambia ni pasi ya makaa.

Siku ya pili tulipanda kilima cha Rubavu. Njia ina mawe, na visigino vya mgeni vikamshinda. Akavua viatu. Nilidhani atanipa mimi nivitie kikapuni. Mume wangu akavichukua, akavibeba mkononi, viatu vya mwanamke, mbele ya watu waliokuwa wakishuka na kuni. Walitusalimia, wakaviangalia viatu, wakaniangalia mimi. Nilitamani kuviangusha bondeni.

Juu kulikuwa na upepo. Ziwa lilikuwa chini lote, na Goma ng'ambo ya mpaka juu ya mawe yake meusi, na moshi wa volkano ukipanda polepole. Nilikuwa sijawahi kuliona ziwa likiwa zima. Nilitaka kukaa kimya nilitazame, lakini mume wangu alikuwa anaonyesha kwa kidole, na mimi nikawa natazama kidole.

"Kule ni Kanama," akamwambia. "Na hapa karibu, Nyakiriba, kwao bibi yangu huyu."

Mgeni akanigeukia. Kwa mara ya kwanza siku ile alisema na mimi peke yangu. "Nyumba yenu ni gani, dada?"

Niliiona. Niliona migomba ya baba na moshi wa jiko la mama yangu. "Haionekani," nikasema.

Sikutaka aione. Alikuwa ameshaona vitu vyangu vingi mno.

Magharibi ile, nikiwa jikoni nachambua maharage, nilimsikia mama mkwe akiongea na jirani yake uani. Aliongea kwa sauti ya chini, lakini ukuta wetu ulikuwa wa udongo tu. "Nyumba iko na vyumba viwili," alisema. "Wanaweza kuenea. Na dini inaruhusu." Niliendelea kuchambua maharage. Nilipomaliza niliona kwamba mabovu nimeyatia chunguni na mazima nimeyamwaga.

Siku ya tatu ilikuwa ya maji moto, kule Nyamyumba, mahali maji yanapotoka ardhini yakichemka na kuingia ziwani. Watu huenda kujitibu mgongo na miguu, na huko pia ni bure. Asubuhi nikasema tumbo linaniuma. Nilidhani safari itavunjika, kwa kuwa hawawezi kwenda wawili.

Mama mkwe akanitazama, akasema, "Basi wewe lala. Wao waende. Ni ndugu."

Wakaenda. Nilisikia visigino vikigonga mawe ya barabara mpaka vikaisha.

Sikulala. Nilijifunga kitenge, nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikakimbia mpaka pwani ya wavuvi. Huko nilikuwa na rafiki mmoja, mwanamke Mkristo aliyeuza samaki sokoni, ambaye daima aliniongezea mmoja mdogo kwa sababu alitoka upande wa kwetu. Kaka yake alikuwa amekwisha kuuza, anarudi kwao Nyamyumba na mtumbwi mtupu.

"Unaenda wapi bila bwana yako?" rafiki yangu akaniuliza.

"Naenda kumutangulia."

Akanitazama usoni, kisha akacheka, "Yebaba we! Panda. Usisimame, na usiangalie chini."

Sikuwa nimewahi kupanda chombo cha majini. Sikujua kuogelea, wala mama yangu, wala nyanya yangu. Nilishika kingo za mtumbwi mpaka vidole vikafa ganzi. Lakini hofu ile ilikuwa ndogo kuliko kitu kilichokuwa kifuani mwangu, na barabara inazunguka vilima wakati mtumbwi unakata moja kwa moja. Njiani nilimwona mume wangu kwa mbali, huko juu barabarani, kama mdudu mweupe, na mdudu wa manjano kando yake. Walikuwa wamesimama. Alikuwa anamwonyesha kitu. Inawezekana alikuwa anamwonyesha mtumbwi wangu.

Nilifika mbele yao. Kulikuwa na wanawake wazee wawili wakichemsha viazi vitamu kwenye shimo la maji moto, wamevifunga katika jani la mgomba. Walinionya nisikaribie mahali panapotoka mapovu, wakanionyesha sehemu ambayo maji ya moto yanakutana na maji baridi ya ziwa. Niliingia na nguo zangu zote. Nikakaa chini kwenye changarawe, maji yakanifika shingoni. Yalikuwa matamu kama kukumbatiwa. Nikasema moyoni, sasa na aje amwonyeshe hapa.

Muda si mrefu nikaisikia sauti yake. "Hapa maji inatoka chini ya mulima," alikuwa anasema. "Hata Wazungu wanakuja. Mutu akiwa na ubaya wa mugongo..."

Alikuwa ameniona, na alichoona ni kichwa tu juu ya maji.

"Bibi yangu! Anazama!"

Alikuja mbio. Alikuwa amevaa suruali yake ya kijivu, ile aliyoinyosha kwa pasi mpaka mkunjo wake ungeweza kukata mkate, na viatu vya ngozi. Alijitupa majini na vyote. Alipita karibu na mapovu, akapiga ukelele kwa moto, akaanguka, akaja kwa magoti, akanishika mkono kwa nguvu hata nikaumia. Ndipo akatambua kwamba nimekaa, na kwamba maji yanamfika yeye mapajani. Wale wazee wa viazi walicheka mpaka wakashikana.

"Umefika namna gani hapa?" akaniuliza akihema.

"Kwa mutumbwi."

"We unaogopa maji!"

"Nilikuwa naogopa." Kisha nikasema lile lililonileta. "Kwa nini hukuwahi kunileta? Miaka mine. Yeye siku tatu."

Maji yalikuwa yanamdondoka kidevuni. "Yeye alinijua nikiwa mutoto bila viatu," akasema mwishowe. "Kwake sina kitu cha kuficha. Lakini we, siku niliyokuja kwenu kukuposa, baba yako alisema, huyu ni fundi wa mujini. Nilitaka nibaki fundi wa mujini. Ningekuambia nini? Kwamba nilivutwa kwa ndoana?"

Sijui kama alidhani jibu lile litanituliza. Lilinichoma kuliko maji. Kumbe mimi nilipewa suruali iliyonyoshwa, na mwingine akapewa mtu.

Aliondoka kwenda nyuma ya mawe kukamua nguo zake. Mgeni alikuwa ameketi kwenye jiwe, miguu majini, viatu pajani.

"Mama yako mukwe ndiye aliniandikia," akasema. "Alisema nyumba iko na nafasi."

"Na we ulijibu nini?"

"Nilijibu nitakuja kuona."

"Bon, umeona nini?" Nilitumia neno lake la Kifaransa makusudi, ili ajue kwamba nami nimelisikia.

Hakucheka. "Nimeona mutu anakimbia," akasema. "Kule Bukavu niliugua mara moja, karibu kufa. Bwana yangu alimaliza kwanza chai yake." Akapangusa miguu kwa upindo wa gauni. "Mi siwezi kuingia nyumba hiyo, dada. Nitakuwa naangalia mulango kila siku, nijue atakimbia upande gani."

Ningepaswa kumshukuru. Watu wengi niliowasimulia wananiambia ningepaswa kumshukuru. Lakini nilichohisi ni wivu tena, mpya kabisa, kwa sababu hata kuacha aliacha vizuri. Mimi nisingeweza. Mimi ningeng'ang'ania.

Tulirudi watu watatu kwa barabara, tukila viazi ambavyo wale wazee walitupa, mume wangu akitembea na suruali iliyokauka vibaya kama gome la mti. Usiku ulipoingia mgeni alikaa na mama mkwe chumbani kitambo kirefu, na siku iliyofuata akapanda meli. Mama mkwe hakusema nami neno lisilo la lazima kwa mwezi mzima. Chumvi, maji, kuni, basi.

Jumapili ya kwanza baada ya hapo, mume wangu alivaa kofia yake, akasema twende nyuma ya hoteli tukasikilize gramafoni. Tulifika, muziki ulikuwa mzuri, mlinzi akatusalimia. Nikasema, "Sitaki hapa."

"Kwa nini?"

"Yeye amesimama hapa."

Jumapili nyingine akataka gatini. Nikakataa. Mchangani, nikakataa. Akakasirika, akasema hakuna mji mwingine, atautoa wapi? Lakini alikuwa fundi, na fundi akikosa kitambaa hutafuta mabaki. Akaanza kunitafutia mahali ambapo mgeni hakukanyaga. Alinipeleka kwenye daraja la mto Sebeya, tukatazama maji yakigonga mawe. Alinipeleka kuona vijana wa misheni wakicheza mpira, naye akapiga kelele kama mtoto. Alinipeleka kwa wafyatua matofali, mahali ambapo hapana uzuri wowote, na tukakaa pale mpaka jioni kwa sababu palikuwa petu.

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa mwaka wa pili baada ya hayo, msichana, na mama mkwe akaanza tena kuniita mwanangu.

Yule mgeni aliolewa Goma, na mfanyabiashara mzee mwenye tabia njema. Kutoka kwake mpaka kwetu ilikuwa mwendo wa mguu tu, basi alikuja kila Idi, na kila mara aliniletea kitenge kizuri kuliko vyangu vyote. Nilimpikia pilau, nikampa paja la kuku, nikamuuliza habari za nyumbani kwake na nikasikiliza majibu. Kisha, tulipoketi kwenye mkeka kula, nilikaa katikati yake na mume wangu. Aliliona jambo hilo mwaka wa kwanza. Alisogea, akanipa nafasi.