Mwaka Majirani Waliposusa

Juzi nililiona trekta kuukuu la baba likiliwa na kutu kichakani, mawe bado yamefungwa puani. Kila Sikukuu lilishindana na la kijiji cha Mgogoni kuvuta magogo, na majirani, Ami Hamadi akiwa wa kwanza, walilikalia puani lisinyanyuke mbele likivuta. Mwaka vilipoingia vyama vingi, hawakuja kulikalia.

“Wamesusa,” mama alisema.

Mimi nilijua kususa chakula tu, nikadhani njaa imewapunguza uzito. Baba alikuwa akifunga mawe kwa kamba ya usumba, mikono inanuka dizeli.

“Baba, Ami Hamadi kakonda?”

“Hakukonda, mwanangu. Chama chake sicho changu.”

Alasiri ile tulishinda. Watu walijaa uwanjani, Ami Hamadi kasimama mbele kabisa, na nilichosikia ni injini yetu peke yake.