Muuza Dawa Aliyekimbia na Mwisho wa Filamu

Kwa miaka kumi na miwili niliamini, na ningeapa mbele ya kadhi, kwamba mwigizaji mmoja wa Misri aliyeigiza muuza dawa za kulevya alikuwa muuza dawa wa kweli. Polisi walipomjia studio, alitoroka na mwisho wa filamu ndani ya koti. Aliyenieleza ni Fundi Mkuu wetu hapa Toronto, siku yangu ya kwanza kazini. Nilikuwa nimehitimu shule ya jioni ya ufundi juzi tu, na cheti nilikibeba kifuani kama ngao.

Kazi yetu ilikuwa kuhamisha picha kutoka kanda za video kwenda kwenye kompyuta. Kanda haichezwi ikifika tu. Unaikagua kama ina ukungu, unaizungusha mpaka mwisho na kuirudisha ili ilegee, ndipo uicheze. Kanda yangu ya kwanza aliileta Bi Shemsa, mama wa Kimombasa anayekaa kitongoji cha Thornhill. Filamu yenyewe nadhani hata Misri hawaijui: afisa anamsaka muuza dawa toka Aleksandria mpaka Kairo, anapigwa, anafukuzwa kazi, haachi. Anafika mlangoni kwa yule mwovu, anashika kitasa. Giza. Nilipouulizia mwisho, ndipo Fundi Mkuu akanipa habari ya koti.

Kwa idhini ya Bi Shemsa, Meneja akaonyesha nakala yetu ukumbini Jumamosi moja mchana. Mama mwenyewe alikuwa ameshachukua kanda yake, yuko safarini Mombasa. Walikuja watu elfu, na kama si elfu basi sitini. Picha ilipozimika pale kitasani, wote wakanigeukia mimi.

"Wewe umefuta!" Meneja akaniambia mbele yao.

"Bosi, mwigizaji alikimbia nao!"

"Alikimbilia wapi, hapa mtaani Dixon Road?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Jumatatu nikahamishiwa tawi la Pickering kupanguza ukungu, chini ya Msimamizi wa Ghala, aliyenipokea kila asubuhi kwa swali lile lile: "Fundi Kufuta, chai umekunywa au umeifuta?"

Hasira hiyo sijaimaliza hadi leo. Kanda ile ilikuwa imevunjwa kijino chake cha plastiki, na kanda isiyo na kijino mashine haikubali kurekodi juu yake. Mtoto wa chekechea wa ufundi anajua hilo! Niliwaeleza wakubwa wote, hakuna aliyeinua jicho. Ninyi vijana mnaohifadhi picha mawinguni, andikeni mlichopokea mbele ya mwenye mali, aweke sahihi. Jina la fundi likichafuka halipanguziki kwa pamba na spiriti.

Mwaka jana nilistaafu. Kwenye chai ya kuniaga alikuja Bi Shemsa, nami nikasimama kuwahutubia wote upya juu ya mwizi wa Kairo. Akanivuta mkono wa shati.

"Kaa, Mzee Jabu. Hakuna mwizi. Kanda ziko mbili, na ya pili iko kabatini kwangu. Fundi mgeni hapewi vyote siku moja, nilikuletea ya kwanza nikuone mkono. Nilipokuja kuichukua ulinihadithia saa nzima habari za koti, hukuniuliza kama kuna nyingine."