Mkono wa Selemani

Siku hiyo tulikuwa tunachuma pamba ya akida, msimamizi wa Wajerumani, nje kidogo ya Kitomanga, na jua lilikuwa halijawa kali. Selemani alikuwa mstari wa pili. Alikuwa mtoto wa shangazi yangu, na posa yake kwangu ilikuwa imeshakubaliwa nyumbani.

"Wee Somoe, pamba hiyo unaichuma au unaibembeleza?" akanitania.

Watu wakacheka. Nikaiinamia pamba yangu. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, na mbele za watu ulimi wangu ulikuwa mzito. Lakini nilifurahi kutwa nzima.

Wiki ile ile maji ya dawa yakafika kijijini. Aliyeyaleta aliwamwagia wanaume vichwani, akawanywesha, akawaambia risasi za Wajerumani zitakuwa matone tu. Mwiko ulikuwa mmoja: aliyekunywa asiguse mwanamke, awe mke, dada au mama, mpaka vita viishe.

Asubuhi ya kuondoka Selemani alikuja kumuaga mama yake. Shangazi akaificha mikono nyuma ya mgongo.

"Usinisogelee, baba. Nenda salama."

"Haya, mama. Nikirudi utanichoka."

Mimi nilikuwa nyuma ya ghala la mtama. Alipopita nikamshika mkono. Nilitaka tu ajue, na maneno sikuwa nayo. Angeweza kuuvuta. Hakuuvuta.

"Utaniua wewe," akasema kwa sauti ya chini, huku anacheka. Kisha akaenda.

Sisi wanawake tulijificha kichakani, juu ya njia itokayo Mingoyo. Tuliwaona askari wakija. Tukawaona wetu wakitoka majanini, wanaimba, hawana haraka.

Bunduki zikalia.

Wimbo ukakatika.

Nilimtambua kwa shuka yake. Alikuwa wa mbele. Shangazi alinibana mdomo kwa kiganja, ingawa sikuwa nikipiga kelele.

Tulimzika siku ya tatu, askari walipokwisha kuchoma maghala na kuondoka. Hapo ndipo shangazi alipomshika uso mwanawe, mara ya kwanza tangu anywe yale maji.

Waliokufa walikuwa wengi, lakini wazee hawakusema maji ni ya uongo. Walisema kila aliyekufa alivunja mwiko.

"Mimi sikumgusa," shangazi alisema kisimani, "na nimemzaa. Nani alimgusa?"

Aliuliza nyumba kwa nyumba. Mimi hakuniuliza. Mtu mmoja alinitaja kwa mzaha, wakacheka hata katika msiba ule: "Huyu? Huyu hata shikamoo anainong'ona." Mwishowe wakamtaja Hadija, mjane wa jirani, kwa kuwa Selemani alikuwa akimpasulia kuni. Hadija aliapa, akalia. Hakuna aliyemgawia chakula tena, na njaa ilikuwa imeanza. Akawachukua wanawe wawili, akaenda kutafuta ndugu zake Likawage. Nilimwona akifunga mzigo. Nilisimama mlangoni kwetu mpaka alipopotea njiani, na mdomo sikuufungua.

Njaa hiyo ndiyo iliyomfanya baba anipeleke shule ya masista, maana huko kulikuwa na uji. Sasa nina miaka kumi na minane. Mwalimu anasema maji hayazuii risasi, awe mtu amegusa au hajagusa. Darasani naamini. Nikirudi Kitomanga siamini sana.

Likizo hii nilimkuta shangazi peke yake, anapepeta mtama.

"Shangazi, nilikuwa mimi. Nyuma ya ghala. Nilimshika mkono."

Ungo ukasimama.

"Mkono ulikuwa na joto?"

"Ulikuwa na joto. Na jasho kidogo."

Akafumba macho. Nadhani alikuwa akiutafuta mkono ule, maana yeye alimgusa akiwa baridi tu. Nilitaka kupiga magoti. Kabla sijapiga, akafumbua macho.

"Na Hadija ukamwacha aende."

"Ndiyo, shangazi."

"Na watoto."

"Ndiyo."

Akaendelea kupepeta. Jana baba, kwa ombi langu, alimuuliza mfanyabiashara mmoja aliyetoka Likawage. Huyo anasema hakuna mwanamke anayeitwa Hadija aliyefika huko, wala watoto wawili. Selemani aliuawa na bunduki zilizokuwa mbele yake, na maneno ya mwalimu yananipa namna ya kujitetea. Lakini mbele ya Hadija hapakuwa na bunduki; nilikuwapo mimi.