Taa ya Kijani Iliyomponza Mama Pacha

Saa tatu kasorobo asubuhi, chai ya Mama Pacha imepoa mezani. Skrini yote inawaka kijani, yaani kila programu ni nzima. Simu inaita: ni muuguzi wa wodi ya watoto, anataka kujua majibu ya damu yamekwama wapi tangu alfajiri.

"Huku kwangu kijani tupu, dada," Mama Pacha anamjibu, kisha anasonya. "Ndiyo maana siamini. Nipe dakika tano."

Anaingia mwenyewe kwenye mfumo, anakagua programu moja moja kwa mkono. Ya pili imekufa. Anaiwasha upya, kisha anaandika tukio hilo kwenye daftari la mistari alilowaomba wanawe mapacha, walio darasa la tano.

Kwa miaka sita sasa, kazi yake ni kuangalia programu za hospitali zisizime. Mfumo wa maabara una programu tatu zilizokaa pamoja kwenye kitu ambacho mafundi hukiita podi. Ni wapangaji watatu wa nyumba moja, kila mmoja na lugha yake ya kompyuta: Java, Python na Go. Kila lugha inahitaji mlinzi wake, yaani programu ndogo ya kuichunguza. Fundi aliyefunga mfumo aliandika kwenye mipangilio jina la mlinzi wa Java peke yake, akaenda zake. Basi mlinzi anamgongea mpangaji mmoja, akiitikiwa tu, skrini inasema nyumba nzima ni wazima!

Mama Pacha alimwandikia mkuu wa idara yake mara nne kuhusu hilo.

"Akaniambia, 'Mama, kijani ni kijani. Acha kujitafutia kazi.'"

Mwezi uliopita programu ya Python, inayopeleka majibu wodini, ilikufa kimya kimya kwa saa kumi na moja. Mtoto mmoja alicheleweshewa dawa. Alipona, tumshukuru Mungu. Na nani kaandikiwa barua ya onyo? Mama Pacha! Uzembe, eti. Hivi hawa watu wana haya kweli? Unamziba mtu macho, halafu unamshtaki kwa kutoona.

Barua hiyo ni ya pili. Ya tatu ni kufukuzwa, na leo anatakiwa aisaini hii ya pili, akubali kosa.

Saa nne anaingia kwa mkuu wa idara. Badala ya barua, anamwekea daftari mezani.

"Hesabu mwenyewe, bosi. Mara tisa mwezi huu imekufa, na mara zote tisa skrini ilikuwa kijani. Ya tisa ni ya leo asubuhi."

Mkuu anafunua kurasa. Anasema atalifikiria.

"Lifikirie. Mimi sisaini," anasema, na kulichukua daftari lake.

Kesho atalipeleka daftari kwa mganga mkuu wa hospitali, na muuguzi amekubali kwenda naye. Anataka walinzi watatu, kila lugha na wake. Akifukuzwa je?

"Wanifukuze, lakini kwa kosa langu," anasema, akiinywa ile chai baridi. "Mimi naomba kitu kimoja tu: programu ikifa, nione nyekundu."