Kibuyu Alichokiosha Mama Mdogo

Asali inapochacha pamoja na mizizi hutoa harufu kali inayokwaruza pua, yenye uchungu kidogo wa kuni mbichi. Nikiipata harufu hiyo, hata sasa na mvi zangu hizi, narudi Kibaigwa, nyumbani kwa bibi mzaa baba, enzi za Mjerumani.

Watu walitoka mbali kuja kunywa pombe ya asali ya Bibi, wengine wakisingizia maumivu ya tumbo. Siri yake, ndugu zangu, haikuwa mizizi. Ilikuwa machicha, yale masalia yanayobaki chini ya kibuyu, yaliyochachusha pombe ya leo kama yalivyochachusha ya jana, tangu kwa bibi yake Bibi. Ndiyo maana kibuyu chake hakikuoshwa kamwe.

Mama Mdogo hakulijua hilo. Alikuwa ameolewa karibuni na baba mdogo, akitokea Kondoa, kwenye nyumba ya Waislamu ambako pombe haikupita mlangoni. Hajazoea hata jiko letu, maaskari wa Mjerumani wakamchukua mumewe akabebe mizigo. Basi siku moja, akitaka kumpendeza mama mkwe, alikiona kile kibuyu kinanuka. Akakitia mchanga na maji ya moto, akakitikisa mpaka kikatakata, akakianika juani.

Majirani walishika vichwa. "Mrudishe kwao huyo! Kakumalizia urithi wako!"

Mama Mdogo alifunga nguo zake, akaketi mlangoni analia, hana mume wa kumtetea. Mimi nililia kumshinda, maana nilimpenda sana. Yeye peke yake ndiye aliyenisuka bila kunivuta nywele.

Bibi alikinusa kibuyu, akacheka.

"Umekiosha kweli, mwanangu. Haya, kibebe, twende Mlali."

Mlali ndiko alikoolewa shangazi. Njia nzima Mama Mdogo alitembea nyuma yetu, kibuyu kitupu kichwani. Shangazi aliposikia habari alicheka kama mama yake, akaleta kibuyu chake cheusi, akatumiminia machicha mazito.

"Nilimpa machicha haya siku alipoolewa," alisema Bibi. "Akiba haiozi." Kisha akamgeukia Mama Mdogo. "Kuanzia leo kibuyu unakitunza wewe."

Baba mdogo alirudi na mabega yaliyochubuka, akapokewa kwa pombe aliyoipika mkewe. Mama Mdogo mwenyewe hakuionja siku ile, wala siku yoyote ya maisha yake. Alijua imeiva kwa kuinusa tu.

Miaka yote hiyo nilidhani machicha aliyopewa shangazi yalikuwa zawadi ya harusi tu, nikamsifu Bibi kwa ukarimu. Nilipoolewa mimi, Bibi alikuwa ameshafariki. Aliyenimiminia machicha ni Mama Mdogo, yuleyule waliyetaka arudishwe Kondoa. Ndipo nilipoelewa kwa nini Bibi alicheka siku ile: alikuwa amepata mtu mwingine wa kumtunzia akiba yake, kama shangazi.