Mkamburi na Chuma cha Kanisa

Mkamburi wa Mghange alilima mahindi na maharagwe kama jirani zake wote, lakini mikono yake, jamani! Akiipiga mwazindika, ile ngoma ndefu aliyoachiwa na mama yake, mgonjwa alicheza mpaka pepo mwenyewe akachoka, akatoka. Sharti lilikuwa moja tu: ngoma ikishaanza haikatizwi. Ikikatizwa, pepo hukwama kifuani na mgonjwa hukosa pumzi.

Adhuhuri moja mwaka wa 1954, alikuwa uani akimpigia mwanamke aliyefunikwa kaniki gubigubi, ndipo ua ukaangushwa kwa mateke. Akaingia mdogo wake Silvanus, mwalimu wa kanisa, shoka mkononi, vijana wanne nyuma yake.

“Leo shetani analala njaa!”

“Silvanus, mgongo huu ndio uliokubeba. Ngoja nimalize, kisha unipasue hata mimi.”

“Mimi nimeokoka, dada. Utaungua peke yako!”

Shoka likashuka. Ngozi ikapasuka pwaa! Mkamburi akaikumbatia ngoma. Silvanus akageuza shoka, akapiga kwa upande wake butu, na kiganja cha kulia cha dada yake kikavunjika kwa mlio wa kuni kavu.



Kisha yule mwanamke akaanza kukoroma na kujigonga kichwa kwenye jiwe, gu, gu, gu. Kaniki ikateleza.

“Peris?” Silvanus akaita.

Alikuwa mke wake Silvanus. Asubuhi alimwambia anakwenda kuchuma maharagwe. Sasa damu na povu vilimchuruzika, midomo imebadilika rangi.

“Dada, malizia! Nakuomba!”

“Umeniachia nini cha kupiga?”

Hata hivyo Mkamburi akainuka, kiganja kikining'inia, akakimbilia kanisani hapo jirani. Nje palitundikwa kipande cha reli kutoka Voi, ndiyo kengele ya waumini. Akachukua nyundo kwa mkono wa kushoto.

“Mama, hicho ni chuma cha Bwana!” vijana wakapiga kelele, wakamshika nguo.

“Mwacheni!” Silvanus akawafokea, akifika mbio na Peris begani.

Chuma kikalia mdundo wa pepo. Kila pigo lilimchoma Mkamburi mpaka kwenye meno, asiache. Peris akaanguka, akainuka, akacheza, akaanguka tena. Mwishowe akavuta pumzi ndefu, akaomba maji.

Mkamburi akadondosha nyundo.

“Mpe maji mkeo,” alimwambia mdogo wake. “Halafu kalete shoka lako, unikatie vijiti vya kufungia mkono.”