Tairi Nilizochagua kwa Ukucha

Nawasalimu ninyi mnaosoma mkiwa mmelala chali, na ninyi mnaowasomea wagonjwa wenu pembeni ya kitanda. Dada anayesimamia mazoezi ya viungo katika hospitali niliyolazwa ameniomba nieleze yaliyonipata, ili anayeletwa pale na shingo yake imefungwa ajue kwamba yupo mtu aliyelala vilevile akatoka. Nimekubali, ila nimemwambia mapema kwamba sitapamba.

Naitwa Hamisi, fundi wa kanzu. Nyumbani ni Itetemia, duka liko mjini Tabora. Kwetu ushonaji ni wa ukoo. Babu wa babu yangu alifika hapa na misafara, akachoka kutembea, akabaki akishona. Mimi darizi ya shingoni nilikuwa naifanya kwa mkono, na niruhusuni nijisifu kidogo, maana matatizo yangu yalianzia kwenye hiyo sifa. Nilikuwa naweza kufumba macho, nikashika kitambaa kwa vidole viwili, nikakwambia kama ni pamba tupu au kimechanganywa. Mke wangu Zuhura alikuwa akisema naviamini vidole vyangu kuliko ninavyomwamini yeye. Alikuwa anatania, lakini hakukosea.

Nilikuwa na gari dogo la kupelekea nguo kwa wateja wa Nzega na Igunga. Kiangazi kimoja, kuelekea mwisho wake, tairi zote nne zilikuwa zimebaki vipara. Nikaenda kwa Maganga, muuza tairi tuliyejuana tangu tukiwa vijana. Akanitolea aina mbili. Za kwanza zilikuwa za kampuni kubwa, na bei yake ilinifanya nikae chini. Kwa bei ya mbili za hizo ningepata nne za aina ya pili na chenji ikabaki.

Sasa nisikilizeni, maana wengi wa kwetu mtajitambua hapa. Adui wetu barabarani ni mwiba. Ukiiacha lami ukaingia njia za ng'ombe kule Igunga, miiba ya migunga inakusubiri. Kwa hiyo tairi tunaichagua kwa ukucha. Unaukandamiza ukucha wa gumba kwenye kashata, yale matuta yanayokanyaga barabara. Ukucha ukizama, tunasema hiyo laini, mwiba utapita. Ukikataa, tunasema hiyo ndiyo tairi. Baba yangu alichagua hivyo tairi za baiskeli, na mimi sikuwahi kujiuliza kama baiskeli na gari ni kitu kimoja.

Nikaikandamiza ile ya ghali. Ukucha ukaacha alama. Nikaikandamiza ile ya rahisi. Ilikuwa ngumu kama kisigino cha kiatu.

"Unaona?" nikamwambia Maganga. "Unataka kuniuzia uji kwa bei ya nyama."

Akacheka. "Ninyi Waswahili wa mjini mnajua kila kitu. Huo ulaini ndio unaong'ang'ania lami ikilowa. Hiyo ngumu kwenye ukavu haina neno, itakaa miaka. Kwenye maji mimi sikuhakikishii. Kama ya juu imekushinda, ninayo ya bei ya kati, si mbaya. Masika haya yanakuja, fundi."

"Maganga, vidole hivi vimenilisha miaka thelathini," nikasema, na nikavinyanyua mbele ya uso wake.

Akazifunga zile ngumu. Chenji nikamnunulia Zuhura kitenge, nikarudi nyumbani najiona mjanja. Wiki zile za ukavu sikupata pancha hata moja. Nilimtangazia kila mteja.

Siku yenyewe nilikuwa napeleka kanzu sita za harusi, kule Choma, upande wa Igunga. Ilikuwa baada ya adhuhuri. Asubuhi ilikuwa imenyesha mvua ya kwanza ya msimu, si nyingi, ya kulowesha vumbi tu. Lami ilikuwa inang'aa. Nje kidogo ya Nzega ng'ombe wakaanza kuvuka barabara, na mchungaji, mtu mzima, akanyoosha fimbo kunisimamisha. Nilikuwa mbali nao na sikuwa nakimbia. Nikakanyaga breki.

Gari halikusimama. Mguu ulikuwa umefika chini kabisa, tairi zimeacha kuzunguka, na gari linaendelea kwenda, tena kimyakimya. Nikakata usukani kulia, likaenda mbele. Nikakata kushoto, likaenda mbele. Nakumbuka nililiambia, "Simama basi," kama ninayemwomba mtu. Ng'ombe wa mwisho aliondoka mbele yangu kwa hiari yake, si kwa ujuzi wangu. Kisha gari likageuka ubavu, likatoka barabarani na kuingia mtaroni kwa pua. Paji la uso likagonga juu ya kioo, shingo ikapinda kwenda nyuma, na nikasikia mlio ndani yake.

Sikusikia uchungu. Nilingoja maumivu, hayakuja, na hapo ndipo nilipoogopa. Damu ilikuwa inanishuka jichoni nikataka kuipangusa. Mkono haukuja. Nikautuma tena. Niliuona umelala pajani, ni wangu kabisa, una pete yangu, lakini haunisikii. Mkojo ukanitoka, na hata huo niliujua kwa kuuona kwenye suruali.

Yule mchungaji akainamia dirishani. Alikuwa mzee wa Lusu, kijiji cha jirani, fimbo bado mkononi. "Baba, upo?"

"Nipo. Mwili ndio sina."

Akaita watu kwa Kisukuma, wakaja wengi, wakanivuta kwa kwapa. Hakuna aliyeshika shingo. Siwalaumu, walikuwa na huruma na haraka, na mimi mwenyewe ningefanya hivyohivyo. Lakini ninyi mnaosoma, mkimkuta mtu wa namna hiyo, kwanza mtu mmoja akishike kichwa kwa mikono miwili, kikae sawa na mwili.

Nilipelekwa hospitali, halafu nyingine kubwa zaidi. Wakanifunga kola ngumu shingoni na kuniwekea mpira wa mkojo. Daktari, kijana mpole, akasema atanichoma vidole na sindano, nimwambie nikisikia.

Nikangoja. "Anza basi, daktari."

"Nimeshamaliza, mzee wangu. Vyote kumi."

Aliniambia mfupa haujavunjika, ila uti ulio ndani ya shingo umebanwa na kuvimba. "Kwa ajali ya aina hii miguu mara nyingi inatangulia kurudi," akasema. "Mikono inachelewa, na vidole ndivyo vya mwisho kabisa. Kwa wengine havirudi."

"Mimi ni fundi wa kushona."

Aliandika kitu kwenye faili. Tangu saa ile sikuwa na swali jingine duniani ila kama vidole vitarudi.

Nisiwadanganye kuhusu zile wiki. Zuhura alinigeuza kila baada ya muda ili ngozi ya mgongo isioze. Alinisafisha haja kubwa, mke wangu, mchana, na pazia halifiki mwisho. Nzi alikuwa akitua puani anatembea mpaka kwenye mdomo, na mimi namtazama tu. Nikiwashwa sikio nilikuwa namngoja mtu apite, na akipita naona haya kumwita. Wakati wa sala Zuhura alileta mchanga safi kwenye sahani badala ya maji ya udhu, akaugusa, akanipaka uso, akanipaka mikono. Nilimwona akinipaka mikono. Sikusikia kitu. Nililia, na hata machozi aliyafuta yeye.

Wiki ya tatu mikono ikaanza kuwaka. Ulikuwa moto wa kweli, shuka likinigusa nalia kwa sauti wodi nzima inageuka. Daktari alifurahi. Akasema mishipa inaamka. Nilimchukia kwa furaha yake hiyo.

Maganga alikuja na mfuko wa machungwa. Alikaa akinimenyea moja na kunilisha pande kwa pande kama mtoto. Nilingoja aseme "nilikuambia". Hakusema.

"Nimelipitia gari," akasema mwishoni. "Mbele limekunjika lote. Tairi nzima, fundi. Kashata haijapungua hata kidogo."

"Si nilitaka zidumu?"

"Ningekukatalia siku ile."

"Ningenunua kwa mwingine."

Akaitikia kwa kichwa. Alijua ni kweli, na mimi nilijua, na machungwa yalikuwa bado mengi.

Kidole gumba cha mguu wa kulia kilitikisika wiki ya tano. Ninyi mliolala, msikidharau kidole hicho. Zuhura alipiga kigelegele hadi nesi akaja kumkemea, kisha nesi naye akaangalia, akacheka. Mwezi wa nne nilitembea kutoka kitandani mpaka dirishani. Mwezi wa tano nilirudi Itetemia kwa miguu yangu. Majirani walitoka kunipongeza, wakaninyooshea mikono, na mimi nikasimama mbele yao, yangu inaning'inia. Mtu anayetembea watu husema amepona. Nilikuwa natembea kila siku mpaka dukani, nakaa mbele ya cherehani yangu, siwezi hata kuondoa kitambaa kilichoifunika.

Hapo ndipo alipoingia Dada Kabula, huyu wa mazoezi aliyeniomba haya maneno. Mara tatu kwa wiki Zuhura alinipeleka kwake. Aliweka bakuli mbili mezani, moja ina maharage. "Baba, hamisha," akasema. Siku ya kwanza nilihamisha moja, nikaliangusha. Nilimtukana. Akaliokota, akalirudisha mezani. "Hamisha, baba." Ilikuwa hivyo miezi na miezi. Kila safari ilihitaji nauli na malipo, na dukani sikuwa naingiza chochote. Zuhura alikuwa na pesa kila mara. Nilimuuliza mara moja zinatoka wapi, akasema Mungu ni mkubwa, nikaridhika. Mgonjwa huwa haulizi mara mbili.

Leo vidole vitatu vya mkono wa kulia vinafanya kazi. Viwili vya kushoto ni vya kuhesabia tu. Naweza kushika sindano, Zuhura akinitungia uzi. Pindo nashona. Kitambaa sikitambui tena kwa kukishika, nasoma karatasi yake kama watu wengine. Darizi yangu mtu wa zamani akiiona atauliza nani kashona. Lakini nashona, na kwa hilo namshukuru Mungu, na Zuhura, na yule mzee wa Lusu, na Kabula ambaye nilimtukana, na daktari niliyemchukia. Kwa wanaonunua tairi, muulizeni muuzaji inashikaje kwenye maji kabla hamjauliza itadumu miaka mingapi. Si kila ya rahisi ni mbovu, na mwenye duka mwaminifu atakuonyesha ya kati. Pancha utaziba.

Ningependa niishie hapo. Ila kuna jambo moja limebaki, na Kabula amesema niliseme.

Mwaka jana nilisema tuliuze lile gari kama chuma chakavu. Lilikuwa limevutwa mpaka nyuma ya nyumba, sikuwahi kwenda kuliangalia. Siku hiyo nikaenda. Lilikuwa limekaa juu ya matofali.

"Tairi ziko wapi?" nikamuuliza Zuhura.

Alikuwa anapepeta mchele, akaacha. "Niliziuza, baba Rehema. Ulipokuwa bado umelala."

"Kwa nani?"

"Dereva mmoja. Alisikia zipo, akaja, akasema bado mpya kabisa. Anabeba abiria."

"Wa wapi?"

"Sikumuuliza." Akanitazama mikono. "Ndizo zilizomlipa Kabula."

Sikumgombeza. Ningemgombeza kwa kinywa gani? Nilikwenda stendi, nikapita gari moja moja nimeinama, naangalia chini. Madereva walidhani nimerukwa na akili. Maganga aliulizia Nzega, akaulizia Igunga. Hakuna anayezijua. Kila mvua ikianza kupiga bati naacha kushona, na Zuhura naye anaacha alichoshika.

Kwa hiyo wewe dereva, kama ulinunua tairi nne Itetemia kwa mwanamke mwenye haraka ambaye mumewe alikuwa hospitali, njoo. Uliza fundi Hamisi wa kanzu, mjini watakuonyesha. Sitakuuliza neno. Nitakurudishia bei yako yote, na kanzu nitakushonea mwenyewe. Na mvua ikikukuta njiani, usije. Liache gari hapohapo ulipo, nitumie mtu, nitakuja mimi.